Maniema: Mawazo yanapozidi Kasongo na Kabambare, waumini humtwika nani mzigo?

Kusini mwa Maniema, mtu akikonda bila kuugua, majirani hawatafuti maneno mengi. Husema: ana mawazo. Neno hilo huko Kasongo na Kabambare halina maana ya fikra tu. Maana yake ni usiku bila usingizi, chakula kisichopita kooni, na moyo unaoruka kila pikipiki inaposimama mbele ya nyumba gizani.

Mawazo hayo yana sababu zinazojulikana. Kasongo iko karibu kilomita 240 kusini mwa Kindu, na kila msimu wa mvua barabara huharibika, chumvi na sabuni hupanda bei, na mgonjwa wa kupelekwa mbali hubaki akingoja. Upande wa mashariki kuna Kabambare, inayopakana na Fizi ya Kivu Kusini na pia na jimbo la Tanganyika. Humo ndimo ilimo Salamabila, na mgodi wa dhahabu wa Namoya ambao kampuni ya Banro ilianza kuuchimba kibiashara mwaka 2016. Wapiganaji wa Mai-Mai Malaika walikuwa wakidai haki za wakaaji juu ya dhahabu hiyo. Risasi zikalia mara nyingi, watu wakatekwa, vijiji vikahama, wanawake wakabakwa. Septemba 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Kwa baba aliyepoteza mshahara na kwa mama aliyeacha shamba la mihogo tayari kwa kung'olewa, habari hiyo haikuisha siku ile ilipoacha kusomwa redioni.

Kisha mwanzoni mwa mwaka 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23, na Februari ikafuata Bukavu. Maniema ya kusini haikupigwa risasi na vita hivyo, lakini imefungamana na Bukavu kwa mambo mengi: biashara, masomo, na hata kanisa, kwa kuwa jimbo katoliki la Kasongo ni sehemu ya kanda ya askofu mkuu wa Bukavu. Benki zilipofunga milango kule, aliyekuwa akingoja pesa za ndugu yake huku alijua maana yake kabla hajaelezwa.

Katika hali hiyo, kila Jumapili, mapadri, wachungaji na makatekista husimama mbele ya watu hao na kuwaambia wasisumbuke. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Ukimwambia aliyeshiba asisumbuke, umempendeza. Ukimwambia mama mwenye watoto sita katika nyumba ya kukaribishwa, unaweza kumtukana bila kujua.

Ugumu huo unaonekana vizuri katika sentensi moja ambayo kila mtu wa Mashariki ya Congo anaijua: Mungu ndiye anajua. Kuna anayeisema akiwa ameshika jembe, akimaanisha kwamba amefanya lake na linalobaki liko juu ya uwezo wake. Kuna pia anayeisema akiwa ameketi, macho chini, na mara nyingi huongeza: tutafanya namna gani? Maneno ni yale yale. Wa kwanza ametulia. Wa pili amekata tamaa kwa heshima, na kanisa likimpigia makofi kwa imani yake litakuwa limemwacha peke yake shimoni.

Maneno ya Yesu katika sura ya sita ya Injili ya Matayo hayakusemwa mbele ya matajiri. Waliokuwa wakisikiliza pale Galilaya walikuwa wavuvi, wakulima na vibarua wa siku, katika nchi iliyokuwa chini ya askari wa Roma na watoza ushuru wao. Swali la kesho tutakula nini, kesho tutavaa nini, lilikuwa swali lao la kweli. Na mafundisho hayo hayaishii kwa kusema kwamba kesho itakuwa nzuri. Yanaishia kwa kukubali kwamba kila siku ina taabu yake, na kwamba taabu ya siku moja inatosha siku hiyo. Wahubiri wengi huruka kifungu hicho cha mwisho, labda kwa sababu hakileti shangwe. Lakini kwa mtu wa Kabambare ndicho kinachoingia moyoni, maana hakimlazimishi kudanganya kwamba hali ni shwari. Kinampa kazi ya leo tu: maji, kuni, dawa ya mtoto, na sala ya jioni. Kesho ina zamu yake.

Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wafilipi wasijisumbue kwa neno lolote bali wapeleke haja zao kwa Mungu, alikuwa mfungwa. Hakujua kama angetoka hai, na anasema wazi katika barua hiyo hiyo kwamba kuishi au kufa, yote mawili yako mbele yake.

Biblia ya Kiswahili ina kitenzi kimoja katika jambo hili ambacho watu wa Maniema wanakielewa kwa shingo zao. Katika Zaburi ya 55 na katika barua ya kwanza ya Petro, muumini anaambiwa amtwike Mungu mzigo na fadhaa zake. Kutwika! Yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara ya Kasongo siku ya soko anaijua kazi hiyo. Gunia la mchele au kapu la mihogo likiwa zito, mwenye nalo hawezi kulipandisha kichwani mwenyewe. Humwita mpita njia, wakalishika wote wawili, moja, mbili, juu. Na akifika, hawezi kulitua peke yake bila kuumia. Anangoja mtu. Ni kutoka katika kutua huko ndiko lugha ilikopata neno kutulia.

Ukilichukua neno hilo kwa uzito wake, sala haiwezi kuwa njia ya kusahau mzigo. Huwezi kumtwika mtu kitu usichotaka kukiinua. Lazima kwanza kishikwe, kitajwe: mtoto hajarudi kutoka machimboni, mume alichukuliwa, deni la duka limefika. Ndiyo maana makatekista wenye uzoefu huwaacha watu waseme shida zao kwa majina yake katika sala za jumuiya ndogo, hata kama zinachukua muda mrefu na wengine wanalia. Na aliye kando, akisikia, anajua sasa ni nyumba gani haina chumvi. Mara nyingi Mungu akitwikwa mzigo huo, mikono inayoonekana ikiupokea ni ya jirani.

Nabii Elia aliwahi kufika pale ambapo wengi wa waliokimbia Salamabila wamefika. Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, kinasimulia kwamba alikimbia vitisho vya malkia Yezebeli hadi jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Mungu hakumkaripia kwa imani ndogo. Alilala. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena. Akaguswa tena, akala tena. Baada ya chakula cha mara mbili, usingizi wa mara mbili na safari ya siku arobaini ndipo mazungumzo yakaanza. Kuna makanisa yanayoanza na mazungumzo, tena kwa kipaza sauti, na kuuliza habari za mkate baadaye, kama yanauliza.

Kasongo yenyewe ina mtu wake katika habari hii, ingawa jina lake linatajwa zaidi Bukavu. Padri Christophe Munzihirwa, Mjesuiti mzaliwa wa Walungu, aliletwa Kasongo kama askofu msaidizi mwaka 1986, na mwaka 1990 akawa askofu wa jimbo hilo. Miaka kumi na mitano kabla, 1971, utawala wa Mobutu ulipowaingiza wanafunzi wa chuo kikuu jeshini kwa nguvu kwa sababu ya maandamano, yeye aliomba aandikishwe pamoja nao. Mwaka 1994 aliondoka Kasongo na kuwa askofu mkuu wa Bukavu, mwaka ule ule ambao mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka.

Huyo hakuwa mtu asiye na mawazo. Barua zake za miaka miwili iliyofuata zinaonyesha askofu aliyeona hatari ikija, akiwaandikia wakubwa wa dunia kuhusu wakimbizi na vita, bila kupata msaada aliouomba. Oktoba 1996 Uvira ilipoanguka na wakubwa wa Bukavu wakakimbia, yeye alibaki. Aliwasihi watu wasiache kupendana na kusaidiana. Jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa Nyawera, katikati ya mji, na mwili wake ukabaki barabarani hadi siku ya pili.

Hapo ndipo penye ugumu wa habari yote. Imani haikumwokoa Mzee Munzihirwa na risasi. Haikuwaokoa pia mapadri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert na bruda Vittorio Faccin, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, uasi ule ule uliopita pia Kabambare na Kasongo. Wanne hao walitangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Mhubiri anayeahidi kwamba anayemtegemea Mungu hataguswa na baya lolote itambidi aeleze wanne hao walikosea wapi. Kanisa halijasema walikosea. Linasema woga haukuwaamulia la kufanya, na hilo ni jambo dogo kuliko ahadi za mabango ya mikesha, lakini ni la kweli.

Ahadi hizo za mabango zina gharama. Mtu mwenye mawazo ni mteja rahisi. Huambiwa kwamba hofu yake ni pepo, kwamba sadaka fulani au mafuta fulani yatamfungua, kwamba anayekwenda kwa daktari ameonyesha mashaka. Aliyebakwa, aliyeona nyumba ikichomwa, anayeruka usingizini kila usiku kwa miezi, anahitaji maombi na anahitaji pia mtu aliyefundishwa kutibu majeraha hayo. Wachungaji wengi wanajua hivyo na hupeleka watu wao kwenye kituo cha afya. Na ingekuwa ajabu Kasongo ikiogopa hospitali: tangu miaka ya 1970, kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, mji huu ulikuwa mahali pa kujaribia namna ya kuunganisha vituo vya afya vya vijiji na hospitali kuu, muundo uliokuja kuenea nchini kwa jina la zoni za afya. Daktari Denis Mukwege, aliyepata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji na mwenyewe huhubiri. Panzi hajawahi kuweka imani upande mmoja na dawa upande mwingine.

Jambo lingine la Kasongo lisilosahaulika ni kwamba Mkristo hapa hamtegemei Mungu akiwa peke yake mtaani. Huu ni mji wa zamani wa Waswahili, makao ya Tippu Tip kabla ya majeshi ya Dhanis kuuteka mwaka 1893, na hadi leo ni moja ya ngome za Uislamu nchini. Katika familia nyingi shangazi anafunga Ramadhani na mpwa wake anafunga Kwaresima. Risasi zikilia, wote hukimbilia upande mmoja. Msiba ukitokea, turubai ni moja. Mkristo akisema amejikabidhi kwa Mungu na Mwislamu akisema ametawakali, kila mmoja anajua mwenzake ametoka wapi usiku uliopita.

Mvua za Septemba zinapoanza, swali hurudi kwa wale waliohama vijiji vya Kabambare: kupanda au kutopanda. Anayepanda karanga leo hajui kama ndiye atakayezivuna, na anayekaa bila kupanda anajua kwa hakika atakula nini Januari: hakuna. Wengine huenda mashambani kwa makundi, asubuhi baada ya sala fupi, wanaume wakitangulia kuangalia njia, na hurudi kabla jua halijazama. Mbegu hukopwa kwa aliye nazo, iwe wa kanisa moja au la. Jioni, mzigo wa kuni ukifika mlangoni, mtoto mkubwa hutoka kumtua mama yake.