Utangulizi: Je, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani Vingeepukika?

Tarehe 18 Desemba 1860, John Crittenden, seneta wa Kentucky, alipeleka Seneti mpango wa kuinusuru Marekani isipasuke. Alitaka mstari wa mwafaka wa 1820, uliotenga maeneo ya utumwa na yasiyo na utumwa, urudishwe na kuendelezwa magharibi, utumwa ulindwe kusini mwake, tena kwa vifungu vya katiba visivyobadilishika milele. Siku mbili baadaye South Carolina ikajitenga. Abraham Lincoln, rais mteule, hakukubali utumwa uongezewe maeneo mapya, na mpango ukaanguka. Tarehe 12 Aprili 1861 mizinga ikalia kwenye ngome ya Fort Sumter, na vita vikaanza.

Hili ndilo swali ambalo wanahistoria wanalibishania hadi leo: vita vile, vilivyoua watu wasiopungua 620,000, vingeweza kuepukwa?

Mwaka 1858 mwanasiasa William Seward alikwisha kusema kwamba mgongano kati ya kazi ya utumwa na kazi huru hauzuiliki. Miaka ya 1930 na 1940, wanahistoria James Randall na Avery Craven walipinga: waliwalaumu wanasiasa walioboronga na wachochezi wa pande zote mbili. Mwaka 1949 mwanahistoria mwenzao Arthur Schlesinger mdogo akawajibu kwamba wameukwepa uovu wa utumwa wenyewe.

Randall hakukosea kila kitu. Sheria ya Kansas na Nebraska ya 1854, iliyouvunja mwafaka wa 1820, ilikuwa uzembe mkubwa, na damu ilimwagika Kansas kwa sababu yake. Lakini yeyote anayeuliza kama vita vingeepukika sharti aulize pia: kwa gharama ya nani? Mwaka 1860 watumwa walikaribia milioni 4. Kila mwafaka uliosifiwa kwa kuleta amani, wao ndio walioulipia. Ule wa 1850 uliwalazimu hata raia wa Kaskazini kusaidia kuwakamata waliotoroka.

Wengi huuliza kwa nini Marekani haikuwalipa fidia wamiliki, kama Uingereza ilivyotoa pauni milioni 20 baada ya sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa. Hapa ndipo penye uzito. Wenye mashamba wa Karibi walikuwa mbali na London. Wa Marekani walikuwa ndani ya Seneti, mahakamani na Ikulu, na thamani ya watu waliowamiliki ilizidi ya reli na viwanda vyote vya nchi. Mwishoni mwa 1861 Lincoln aliijaribu fidia Delaware, jimbo lililobaki katika Muungano, lenye watumwa wasiofika 1,800. Hata huko ilikataliwa.

Wala Kaskazini haikuwa nje ya uchumi wa utumwa. Kitambaa cha merikani kilichoshushwa Unguja na meli za Salem, Massachusetts, kilifumwa viwandani Kaskazini kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini.

Kwa anayeanza, nashauri asome kwanza tamko la Mississippi la Januari 1861, linalotaja utumwa waziwazi kuwa ndiyo sababu ya kujitenga, kabla ya kumbukumbu zilizoandikwa na walioshindwa, ambazo husisitiza haki za majimbo. Kisha amsome mwanahistoria W. E. B. Du Bois, ambaye mwaka 1935 aliwaonyesha watumwa wakiyaacha mashamba kwa maelfu na kuingia kambi za jeshi la Muungano, wakavigeuza vita vilivyoanza kwa ajili ya kuulinda Muungano kuwa vita vya kuwakomboa.