Sura ya Nne: Pengo Katikati ya Zaburi

Msomaji aliyelelewa na tenzi na mashairi ya Kiswahili hutazamia vina na mizani. Zaburi za Kiebrania zimesimama juu ya nguzo nyingine: mshororo wa kwanza hutoa wazo, wa pili hulipokea na kulikaza, kulipinga au kulisogeza mbele. Robert Lowth, aliyekuwa profesa wa ushairi Oxford, aliueleza mpangilio huo katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1753. Kwa hiyo tunapoisoma zaburi, swali letu la kwanza ni hili: mshororo wa pili umeongeza nini?

Tuichukue Zaburi ya 13, yenye aya 6 tu. Katika aya ya 1 na ya 2, mwombaji anauliza mara 4 mateso yake yatakwisha lini. Tazama anavyohama: anaanza na Mungu aliyemficha uso, anaingia moyoni mwake mwenye huzuni, anaishia kwa adui aliyemzidi nguvu. Aya ya 3 na ya 4, swali linageuka ombi: asife, adui asije akashangilia. Aya ya 5 na ya 6, ghafla anaimba.

Kimetokea nini kati ya aya ya 4 na ya 5? Hatuambiwi kwamba adui ameondoka. Mwaka 1934, mtaalamu wa Kijerumani Joachim Begrich alipendekeza kuwa hapo ndipo kuhani alipomtamkia mwombaji jibu la Mungu. Jibu hilo halimo katika zaburi. Begrich alilikisia kutokana na maneno ya faraja ya Isaya 40 hadi 55. Wengine huona kwamba tumaini lilizaliwa ndani ya kilio chenyewe.

Ubunifu wetu nao unaanzia kwenye pengo hilo. Mtunge mwombaji wako, labda mama anayemuuguza mwanawe wodini, kisha uandike kilichomfikia kabla hajaimba. Lakini mwache kwanza aulize maswali yake yote manne. Anayeyaruka ili awahi sifa ameivunja zaburi, na wimbo wake hautamfaa mwenye kulia. Wala usimlazimishe kufurahi: Zaburi ya 88 inaishia gizani, na waliozikusanya zaburi 150 waliiacha hivyo. Walijua kwamba kumlilia Mungu bila jibu nako ni kusali.