Jina moja, watoto wawili: yupi ni babu yako?

Tuseme unamtafuta babu wa babu yako, kibarua wa shambani huko Uingereza, aliyezaliwa karibu mwaka 1820. Utaanzia wapi?

Serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo vya Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. Kuzaliwa kwake hutakukuta humo, ila kama alioa baada ya hapo, cheti cha ndoa kitakupa jina la baba yake na kazi yake. Sensa ya 1851 nayo inataja parokia aliyozaliwa mtu. Ile ya 1841 haitaji, na umri wa watu wazima mara nyingi ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa 5. Mwenye miaka 24 aliandikwa 20!

Ukishaijua parokia, fungua daftari la ubatizo. Haya, jina lake hilo hapo, na la baba vilevile. Usishangilie bado. Vijijini majina yalijirudia mno, na binamu wawili kuitwa jina moja halikuwa jambo la ajabu.

Nenda kwenye daftari la mazishi. Tangu 1813 fomu yake ina nafasi ya umri na makazi. Ukikuta mtoto yuleyule alizikwa na miezi 6, basi siye. Ungemng'ang'ania, kila jina ulilopandisha juu yake lingekuwa la ukoo wa watu wengine.

Ni kama maabara tu: jaribu kulivunja dai lako mwenyewe. Likigoma kuvunjika, hapo ndipo umwite babu.