Je, Wajua? Nyota Zinazozeeka Zina Redio Zao

Nyota kama Jua ikizeeka huvimba ikawa jitu jekundu, kisha huanza kumwaga gesi yake angani. Ndani ya gesi hiyo, joto na mwanga huzijaza molekuli nishati, hata zilizo ngazi ya juu zikazidi zilizo chini. Wimbi dogo la redio likipita hapo, molekuli huachia mawimbi yanayofanana nalo kabisa, na nguvu yake huongezeka mno. Hiyo ndiyo maseri, ndugu wa leza, na hii imejiunda yenyewe.

Karibu na nyota husikika silikoni monoksidi kwenye gigahezi 43. Mbele kidogo mvuke wa maji, gigahezi 22. Mbali zaidi haidroksili, megahezi 1612.

La kustaajabisha zaidi ni filamu ya TX Camelopardalis, nyota ya kundi la Twiga inayovimba na kunywea kwa mzunguko wa takriban siku 557. Kuanzia 1997, Philip Diamond na Athol Kemball waliifuatilia kwa VLBA, mtandao wa antena 10 kutoka Hawaii hadi Visiwa vya Virgin vya Marekani. Pete ya madoa angavu ya maseri inaonekana ikipanuka, huku gesi nyingine ikirudi kuelekea nyota!

Haidroksili nayo hutoa kipimo. Nyota inapobadili mwangaza, badiliko la upande wa mbele wa gamba la gesi linaloizunguka hutufikia kabla ya lile la upande wa nyuma. Kwa kuhesabu siku za tofauti hiyo, wanafalaki hupata upana wa gamba zima.