Chanjo, dawa na tatuaje: nyuma ya kila alama kuna mtu

Hebu tuchukue mfano ambao wachungaji wengi wa Masisi na Walikale wataweza kuutambua. Kijana anaomba ubatizo. Amefuata mafundisho tangu mwanzo, anaimba katika korali, anamsaidia mama yake shambani. Siku moja, wakati wa kubeba mawe ya kujengea kanisa, anavua shati kwa sababu ya jua. Watu wanaona mistari midogo myeusi imepangwa kifuani na mabegani. Jioni maneno yanaanza kutembea: huyu alichanjwa, huyu alikuwa porini, ataingiaje majini na dawa mwilini? Juma hilohilo dada mmoja anarudi kutoka Goma na jina la marehemu mama yake limechorwa mkononi, na wengine wanauliza kama anaweza kukaribia Meza ya Bwana.

Watu hawa wawili wanawekwa katika kapu moja, kwa sababu wote wana alama kwenye ngozi. Lakini alama zao hazikutoka mahali pamoja. Makala hii inataka kutusaidia kuzitofautisha, kwa maana kanisa likikosea hapa, halipotezi mabishano tu. Linaweza kumpoteza mtu.

Neno moja, kazi nyingi

Katika Kiswahili chetu cha Kivu neno "chanjo" linabeba mambo mengi. Muuguzi wa kituo cha afya akimdunga mtoto mchanga sindano ya BCG ili kumkinga na kifua kikuu, tunasema amemchanja, na mara nyingi kovu dogo linabaki mkononi maisha yote. Mganga wa kienyeji akimkata mgonjwa kwa wembe na kumpaka dawa, tunasema amemchanja. Mtu wa dawa katika kikundi chenye silaha akimkata mpiganaji kifuani, tunasema tena amemchanja. Neno ni moja, sababu si moja.

Zamani katika nchi yetu alama za ngozi zilikuwa pia urembo na kitambulisho. Wamongo, Watetela na Waluba walijulikana kwa michoro ya kukatwa usoni ama tumboni, na sanamu za kale za mbao za Waluba zinaionyesha mpaka leo. Mwenye kuiona aliweza kutambua mtu ametoka wapi na ana heshima gani kwao. Utawala wa kikoloni, misheni na maisha ya mjini viliipunguza sana desturi hiyo.

Chanjo ya mganga haijaisha. Watu wazima wengi wana mistari midogo isiyo na uhusiano wowote na vita. Mtoto alishindwa kupumua usiku, akakatwa kifuani. Mwingine alivimba wengu kwa malaria, akakatwa upande wa kushoto wa tumbo. Mwingine aliumwa kichwa siku nyingi, akakatwa kwenye kipaji. Fikiria mama aliye mbali na kituo cha afya, barabara ni matope, hana pesa ya dawa, na usiku hakuna wa kumsindikiza. Alikuwa anatafuta pumzi ya mtoto wake. Ni kweli kwamba wembe hauponyeshi homa ya mapafu wala malaria, na mtoto anayecheleweshwa kwa chanjo anaweza kufa wakati dawa ya kumponyesha ipo. Tuwafundishe wazazi jambo hilo kwa nguvu. Lakini mtu mzima anayebeba alama ya usiku ule anabeba hofu na upendo wa mama yake. Hakuchagua chochote.

Chanjo ya vita

Alama zinazoleta maneno mengi kwetu ni zile za dawa ya vita. Historia yake ni ndefu kuliko vikundi vya leo. Kati ya 1905 na 1907, kusini mwa Tanganyika, watu walioinuka kupigana na Wajerumani walipewa maji ya Kinjikitile Ngwale, wakiamini kwamba risasi zitageuka maji. Mwaka 1964 wapiganaji wa Simba hapa mashariki mwa Kongo walipewa maji na chanjo, wakaenda vitani wakilia "Mai Mulele". Mwaka 1993 vita vilipowaka Walikale na kuenea Masisi, vijana wa vijiji waliingia tena katika vikundi vya kujilinda na dawa yao. Katika vita vilivyofuata, jina Mai-Mai, yaani maji, likazoeleka duniani kote.

Kwa aliyechanjwa, dawa ile ilifanya kazi tatu. Ya kwanza ni ujasiri: mtoto mwenye panga ama bunduki ya zamani alihitaji kitu cha kumtoa hofu mbele ya silaha kubwa. Ya pili ni undugu: mliochanjwa pamoja mlikuwa familia, hasa kwa yule ambaye familia yake ilikuwa imeuawa ama kutawanyika. Ya tatu ni kufungwa: kuondoka kulikuwa kama kuvunja agano, na agano lilikuwa limeandikwa mwilini.

Pamoja na dawa zilikuja sheria: usiibe, usiguse mwanamke, usishikane mikono na asiyechanjwa, usile vyakula fulani. Hapa ndipo penye kidonda ambacho wengi wetu hatukioni. Risasi ikimpata mpiganaji, husemwa kwamba alivunja sharti. Kwa njia hiyo dawa haikosei hata siku moja. Anayekosea ni marehemu. Basi kijana aliyerudi nyumbani anaweza kuishi miaka mingi akijiuliza kama rafiki yake alikufa kwa kosa lake, kwa sababu walikula pamoja chakula kilichokatazwa. Tukimwambia kanisani kwamba yeye ni mchafu kwa ajili ya alama, tunaongeza mzigo wa pili juu ya mzigo wa kwanza.

Tena wengi walichanjwa wakiwa watoto. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwingiza mtoto yeyote katika jeshi ama kikundi chenye silaha. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya La Haye ilimkuta Thomas Lubanga na hatia ya kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri. Mbele ya sheria, mtoto aliyetumiwa hivyo ni mtu aliyetendewa uovu. Alama yake ni ushahidi wa yale aliyofanyiwa.

Tatuaje za vijana

Tatuaje ni kitu kingine. Hapa wino unaingizwa chini ya ngozi kwa sindano. Mjini kuna wenye mashine, na kwingine vijana wanatumia sindano ya kushonea pamoja na wino wa biki ama masizi ya sufuria. Ukiwauliza, sababu zao hazifanani. Mmoja ameandika jina la mtoto wake. Mwingine ameandika jina la mzazi aliyezikwa mahali ambapo hawezi kurudi kwa sababu ya vita. Nyumba ilichomwa, picha zote zilibaki huko, na ngozi ndiyo albamu pekee ambayo hakuna mtu anayeweza kumnyang'anya njiani. Mwingine amechora msalaba. Mwingine amechora jina la mpenzi na sasa anajuta. Mwingine alifuata wenzake tu, ama mwanamuziki aliyemwona kwenye simu.

Wakristo wa nchi nyingine pia wana historia hapa. Wakopti wengi wa Misri huchora msalaba mdogo ndani ya kifundo cha mkono wa kuume, ili wajulikane kuwa wa Kristo hata penye hatari. Huko Ethiopia kuna wanawake wa Kanisa la Orthodoksi wenye msalaba uliochorwa kwenye kipaji. Kwa karne nyingi wasafiri waliofika Yerusalemu wamechorwa alama kama kumbukumbu ya safari yao. Hatusemi kwamba tuwaige. Tunasema tu kwamba mchoro peke yake hauonyeshi kama mtu ameacha imani.

Biblia inatuongoza namna gani?

Andiko linalotajwa kwanza ni Mambo ya Walawi 19:28, na ni kweli linakataza chale na alama mwilini. Lakini lisomwe mahali pake. Linasema habari za kujikata kwa ajili ya wafu, jambo ambalo Kumbukumbu la Torati 14:1 linalirudia, na 1 Wafalme 18:28 linatuonyesha manabii wa Baali wakijikata ili mungu wao awasikie. Mungu alikuwa anawatenga watu wake na ibada hizo. Sura hiyohiyo inakataza kuvaa nguo iliyofumwa kwa nyuzi za namna mbili na kunyoa pembe za ndevu, na hayo hatumuulizi mtu mlangoni. Sura hiyohiyo pia inaamuru kumpenda jirani, mstari wa 18, na kumpenda mgeni, mstari wa 34.

Kwa hiyo swali linalotoka katika andiko ni hili: alama hii inamuunganisha mtu na nani leo? Kama kijana bado anaitegemea dawa, bado anashika masharti yake, bado anaamini kwamba itamlinda kuliko Mungu, basi hapo kuna kazi ya mafundisho na maombi. Kama ameiacha, kovu ni kovu. Damu ya Kristo haizuiwi na ngozi iliyokatwa.

Tukumbuke pia kwamba katika Mwanzo 4:15 Mungu alimtia Kaini alama, na alama ile ilikuwa ya kumlinda asiuawe. Katika Wagalatia 6:17 Paulo anazitaja alama za mateso mwilini mwake kuwa za Yesu. Na katika Isaya 49:16 Mungu mwenyewe anasema kwamba amewachora watu wake katika viganja vyake.

Kwa kijana anayeuliza kama achore tatuaje sasa, jibu letu liwe la ukweli na la upole. Mwili ni hekalu la Roho, 1 Wakorintho 6:19. Usiamue kwa haraka, kwa hasira, wala kwa kusukumwa na wenzako, maana mapenzi yanaweza kupita na wino ukabaki. Tena uwaheshimu wazazi na kanisa lako.

Mambo ya kufanya, na ya kuacha

Kwanza, uliza kwa faragha. Mchungaji ama mama mmoja wa kanisa anayeaminika akae na mtu huyo na kumuuliza kwa utulivu: alama hii ilitoka wapi, na leo ina maana gani kwako? Kiisha asikilize. Kama hataki kusema, asilazimishwe.

Pili, usimwambie avue shati mbele ya watu, hata kwa ushuhuda mzuri. Usipige picha ya alama zake wala kuituma kwenye simu. Katika maeneo yetu alama ya kifuani inaweza kumfanya mtu ashukiwe kwenye bariyeri, na kikundi kinachotawala njia leo sicho kitakachoitawala kesho. Picha iliyotumwa kwa furaha ya ushuhuda inaweza kugeuka hukumu.

Tatu, mtu asijaribu kuiondoa alama kwa chuma cha moto, asidi ya betri ama wembe, na kikundi cha maombi kisimkate tena "ili kutoa dawa". Kidonda kipya kinaweza kuleta pepopunda na maambukizi, na kovu linakuwa kubwa zaidi. Tuombe kwa kuwekea mikono, hiyo inatosha.

Nne, tufundishe juu ya wembe na sindano. Kifaa kimoja kikitumiwa kwa watu wawili bila kusafishwa inavyopasa, kinaweza kupitisha virusi vya Sida na homa ya ini ya B na C. Ni hivyo kwa mganga, kwa mchora tatuaje na kwa kinyozi. Aliyechanjwa ama kuchorwa kwa kifaa cha watu wengi aende kituo cha afya kupimwa, na asionewe haya.

Tano, tumpe kazi. Aliyepata undugu porini hatauacha kwa kuhubiriwa tu. Anahitaji undugu mwingine: korali, shamba la pamoja, kazi ya useremala, watu wanaomwita kwa jina lake.

Bwana aliyefufuka ana makovu

Yesu alipofufuka, angeweza kutokea na mwili usio na alama hata moja. Hakufanya hivyo. Katika Yohana 20 alimwonyesha Tomaso mikono na ubavu wake, na kwa makovu yale Tomaso akamtambua. Alama za mateso hazikufutwa, ila hazikuwa tena na nguvu ya kumshika kaburini. Kijana wetu wa kifua chenye mistari anaweza kubatizwa katika tumaini hilo, na dada yetu mwenye jina la mama yake mkononi anaweza kuketi Mezani. Siku ya kuwapokea, sisi wengine tuwe tumefunga midomo yetu na kufungua mikono.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Je, katika kanisa letu kuna mtu anayeogopa kuonyesha mikono ama kifua chake? Tumefanya nini ili asiogope?
2. Tunawasaidiaje wazazi kumfikisha mtoto kituo cha afya kabla ya kwenda kwa mganga?
3. Kijana aliyetoka porini angepata undugu gani kwetu juma hili?