Tchia, mchezo wa video unaoongea lugha ya kisiwa kidogo cha Pasifiki

Tangu tarehe 21 mwezi wa tatu 2023, wenyi kuwa na PlayStation 4, PlayStation 5 ama kompyuta yenye nguvu wanaweza kucheza Tchia, mchezo wa video uliotengenezwa na studio ndogo inayoitwa Awaceb. Ni hadithi ya msichana anayemtafuta baba yake aliyetekwa nyara. Mambo yanatokea katika visiwa ambamo mchezaji anapanda mlima wowote anaoutaka, anazama katika bahari yoyote na, jambo ambalo michezo mingine haina kwa kiasi hiki, anageuka karibu kila mnyama na kila kitu anachokutana nacho njiani. Tumeucheza kwa masaa sita. Hatujaumaliza, lakini masaa hayo yametosha kusema unafaa kwa nani, unachosha wapi, na kwa nini msomaji wa Kivu ama wa Katanga ana sababu ya pekee ya kuutazama.

Sababu hiyo tulianza kuisikia kwa masikio. Wahusika wa Tchia hawaongei Kiingereza. Wanaongea Kidrehu, lugha ya kisiwa cha Lifou, pamoja na Kifaransa, na sauti ni za watu wa kule kwenyewe. Anayecheza Tokyo, anayecheza Paris na anayecheza Goma, wote wanasikia lugha ileile. Asiyeelewa anasoma maandishi yanayopita chini ya kioo. Watoto waliokaa nyuma yetu waliuliza kwanza kama ni Kilingala. Baadaye mmoja akashika neno moja la Kifaransa, kisha lingine, na tangu hapo wakawa wanafasiriana wao kwa wao bila kungoja maandishi.

Lifou ni kimoja kati ya visiwa vya Kaledonia Mpya, ambayo Wafaransa wanaiita Nouvelle-Calédonie, mbali kabisa katika bahari ya Pasifiki, mashariki ya Australia. Ufaransa iliitwaa mwaka wa 1853 na mpaka leo iko chini ya bendera yake. Wenyeji wake wanaitwa Wakanak. Kura tatu zimepigwa kuhusu uhuru, mwaka wa 2018, 2020 na 2021. Mara zote tatu jibu lilikuwa hapana, na mara ya tatu vyama vinavyotaka uhuru viliwaomba watu wao wasiende kupiga kura. Inchi nzima ina wakaaji karibu 270 000, na ndani yake kuna lugha za Kikanak 28. Kidrehu ndiyo lugha yenye wasemaji wengi kati ya hizo, nayo inasemwa na watu zaidi ya 10 000 tu. Mtaa mmoja wa Goma unaweza kuwa na watu wengi kuliko hao.

Waanzilishi wa Awaceb, Phil Crifo na Thierry Boura, ni marafiki waliokulia kule. Mchezo wao wa kwanza, Fossil Echo, ulitoka mwaka wa 2016 na haukuwa na habari ya kwao. Huu wa pili umejaa kwao. Visiwa vya mchezo ni vya kubuniwa, vikubwa viwili vinaitwa Ija Nöj na Madra Nöj, lakini misonobari mirefu myembamba iliyosimama kama nguzo pwani, udongo mwekundu wa milimani, nyumba za duara zenye paa la majani lililochongoka juu, vyote vimetoka katika inchi ambayo mtu anaweza kuionyesha kwenye ramani.

Roho inayoruka

Tuje kwenye mchezo wenyewe. Tchia anaishi na baba yake Joxu katika kisiwa kidogo. Mtu wa mtawala mkatili wa visiwa, Meavora, anakuja na kumchukua baba. Siku hiyo msichana anagundua uwezo aliokuwa hajui kama anao: roho yake inaweza kuruka kutoka mwilini na kuingia ndani ya mnyama ama kitu kilicho mbele yake.

Kusema hivyo ni rahisi, lakini kwenye maneti ndipo mtu anaelewa. Unaona ndege juu ya mti, unabonyeza, na sasa wewe ndiwe ndege. Unavuka bonde, unashuka chini, unaacha ndege, unaingia ndani ya paa anayekimbia porini. Umefika pwani, unaingia ndani ya pomboo. Wanyama ni zaidi ya thelathini na kila mmoja ana kazi yake: mbwa anachimba ardhi, kaa anakata kwa makucha yake, na ndege anaweza kufanya juu ya vichwa vya watu kile ambacho ndege wote hufanya. Tutawaachia wasomaji kukisia ni mnyama gani watoto walimpenda kuliko wote.

Vitu navyo vina zamu. Unaweza kuwa jiwe na kujiviringisha mteremko mzima. Unaweza kuwa nazi. Unaweza kuwa taa, na hapo ndipo vita vinapoanzia, kwa sababu askari wa Meavora, wanaoitwa Maano, wametengenezwa kwa vitambaa, na kitambaa kinaogopa moto. Tchia hana bunduki wala panga. Ana manati, ana mikono ya kurusha, na ana roho yake. Uwezo huo una mpaka: kuna kipimo kinachopungua kila unapokuwa nje ya mwili, na kikiisha unarudi kuwa msichana, hata kama ulikuwa angani. Kuanguka kwa namna hiyo kulitokea mara nyingi na kulichekesha kila mara.

Hata bila kugeuka kitu, Tchia mwenyewe anatembea vizuri sana. Anapanda ukuta wowote mpaka nguvu zimwishie. Anapanda hadi ncha ya mti, anautikisa uende mbele na nyuma, kisha anajirusha kama jiwe kwenye manati na kufungua kitambaa cha kuelea hewani. Kuna jioni tulivuka kisiwa karibu nusu kwa kutoka mti hadi mti, bila kazi yoyote ya kufanya, kwa sababu tu mwendo ulikuwa mtamu.

Baharini anatumia chombo kidogo chenye tanga. Hapa watengenezaji wamefanya jambo zuri: hakuna kitufe cha kusema «nenda». Unakwenda nyuma kushika usukani, unasimama, unakwenda kwenye kamba kufungua tanga, unarudi kwenye usukani. Anayetoka Idjwi ama Bukavu, aliyezoea kuona mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja ikienda kuvua sambaza usiku, atajua mara moja kwamba aliyetengeneza sehemu hii amekaa ndani ya chombo na kulowa. Kuna pia gitaa ndogo, ukulele, ambayo mchezaji anaipiga mwenyewe, noti kwa noti. Ukijua wimbo fulani, unabadilisha mchana kuwa usiku.

Ramani nayo haikuonyeshi hasa mahali ulipo. Unaona milima, vijiji na pwani, na ukiuliza, mchezo unakuambia tu kwamba uko sehemu za huku. Basi unainua macho, unatafuta kilele unachokijua, unapima. Wachezaji waliozoea mshale unaowavuta kama mbuzi aliyefungwa kamba watanung'unika. Sisi tumeona kwamba kwa njia hiyo tulizijua njia za Ija Nöj kuliko mji wowote wa mchezo mwingine.

Chakula na nyimbo

Tchia akifika kijijini anakuta watu wamekaa, wanapika, wanaimba. Nyimbo ni nyingi, na mara kadhaa mchezaji anaombwa kufwatisha mdundo kwa vitufe huku wimbo wa Kidrehu unaendelea. Asiyeweza kufwatisha anaweza kuuacha mchezo ujipigie peke yake, yeye asikilize. Muziki uliandikwa na John Robert Matz pamoja na wanamuziki wa kule, na unasikika kama wa watu walioketi pamoja kuliko wa studio.

Kule Kaledonia Mpya chakula cha sherehe kinaitwa bougna: viazi vikuu, mateke, ndizi na kuku ama samaki, vyote katika tui la nazi, vinafungwa ndani ya majani ya mgomba na kupikwa juu ya mawe ya moto yaliyofukiwa chini ya udongo. Kiazi kikuu ni zaidi ya chakula kwa Wakanak. Kinapelekwa kwenye ndoa, kwenye kilio na kwa mkubwa unayemtembelea, kabla ya kusema neno lolote lingine. Mchezo haukufundishi hayo kama mwalimu ubaoni. Unakuweka katikati ya watu na kukuacha uone.

Baada ya masaa machache sikio linashika maneno. Oleti ni asante. Bozu ni salamu, nayo ni «bonjour» ya Wafaransa iliyopita katika vinywa vya watu wa Lifou mpaka ikawa yao. Watu wa huku, ambao wanasema «masta», «busua» na «buji» bila kufikiri mara mbili, watajisikia nyumbani.

Hapo ndipo tulianza kujiuliza maswali ambayo hatukuyatafuta. Katika vyumba vya kuchezea Play vya miji yetu, vijana wanalipa franka chache kwa mechi moja ya mpira, na mtangazaji ndani ya mashine anapiga kelele kwa Kifaransa ama Kiingereza. Kiswahili ni moja kati ya lugha nne za taifa la Kongo, na kinasemwa na mamilioni ya watu kuanzia Kisangani mpaka Zanzibar, lakini kijana wa Uvira anaweza kucheza miaka kumi bila kusikia shujaa mmoja wa mchezo mkubwa akisema «jambo». Studio Kiro'o Games ya Kameruni ilionyesha mwaka wa 2016, kwa mchezo wake Aurion, kwamba Afrika ya Kati inaweza kutengeneza dunia yake yenyewe. Awaceb sasa wanaonyesha kwamba hata lugha haihitaji kuwa kubwa. Kilichohitajika ni watu waliokataa kuibadilisha.

Mahali mchezo unapochoka

Sasa lawama. Kambi za Maano zinafanana mno. Unafika, unawakuta askari wa vitambaa, unatafuta taa ama chupa ya gesi, unachoma malundo ya vitambaa, unaondoka. Mara ya kwanza ni furaha, mara ya tatu ni kazi, na mara ya sita tulipita mbali kwa makusudi. Ramani imejaa pia vitu vya kuokota: lulu, vitu vya kusuka, makasha, nguo za Tchia na mapambo ya chombo chake. Kuna mashindano ya mbio, kuna kupanga mawe moja juu ya jingine, kuna sanamu za kuchonga. Zile za kuchonga ni nzuri, kwa sababu zinafungua mahali patakatifu panapoongeza nguvu ya roho. Nyingi za nyingine zimewekwa ili ramani isionekane tupu, na inchi nzuri namna hii haikuhitaji kujazwa.

Hadithi nayo inakimbia. Meavora anatisha kweli, lakini watu wa vijijini hawapewi muda wa kutosha. Tulitaka kukaa nao. Mchezo ulitutuma mahali pengine.

Kuna jambo lingine, ambalo si kosa la studio. Kaledonia Mpya inaishi kwa nikeli, madini yanayoingia katika chuma na katika betri. Huku kwetu, koltani ya Rubaya katika wilaya ya Masisi inatoa tantale, ambayo inatumiwa kutengeneza vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Mara tulipoona udongo mwekundu uliochimbwa kwenye milima ya Tchia, hatukuweza kuutazama kama picha nzuri tu.

Kwa wazazi: rangi zinang'aa na msichana anachekesha, lakini kuna matukio mazito, na Meavora anafanya ukatili ambao mtoto mdogo hapaswi kuuona kabla ya kulala. Katika mipangilio kuna namna ya kucheza kifamilia inayopunguza matukio hayo. Kuna pia ruhusa ya kuruka sehemu yoyote iliyomshinda mchezaji na kuendelea na hadithi, bila kuadhibiwa. Mtoto wa miaka minane aliyekuwa nasi aliitumia mara mbili na hakuona haya.

Tchia ilipotoka mwaka wa 2023 iliuzwa dola 29,99 za Marekani. Wakati huo wenyi kulipia PlayStation Plus Extra waliupata bila kuongeza pesa. Kwa kompyuta ulipatikana kwanza katika duka la Epic Games. Wakati huo ilikuwa lazima kuupakua kwenye intaneti. Toleo la simu halipo, na simu ndiyo mashine ambayo vijana wengi wa huku wanayo mkononi.