Kuanzia Katikati: Somo la Chakula na Lishe kwa Vijana wa Ufipa

Mwezi Julai, mahindi yanapokuwa yamekwisha kukauka na magunia yanaanza kuelekea kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula mjini Sumbawanga, vijana waliochaguliwa kuingia kidato cha tano hufunga masanduku yao na kupanda mabasi. Baadhi yao wamepangiwa tahasusi ya CBN, yaani Kemia, Baiolojia, na Chakula na Lishe ya Binadamu. Masomo mawili ya kwanza wamekaa nayo kwa miaka minne. La tatu, wengi wao hawajapata kulisoma hata kwa kipindi kimoja.

Sababu inafahamika. Katika ngazi ya kidato cha kwanza hadi cha nne, somo la chakula na lishe hufundishwa katika shule chache, kwa kawaida zile zilizorithi mkondo wa sayansi kimu. Somo hilo linadai jiko la kujifunzia, mizani, vyombo, fedha za kununulia vyakula vya mazoezi na mwalimu aliyesomea fani hiyo. Shule ya kata iliyo njiani kuelekea Laela au Mtowisa, ambayo bado inahangaikia maabara ya Kemia, haiwezi kulaumiwa kwa kukosa jiko. Basi kijana hufika kidato cha tano, akafungua daftari jipya, na kukuta mwalimu anaanza pale ambapo mtu aliyepita hatua za mwanzo angepaswa kuendelea.

Jambo hili lingekuwa dogo kama lingetokea mahali pengine. Linapotokea Ufipa lina uzito wake. Uwanda huu ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa ni miongoni mwa maghala ya chakula ya nchi. Rukwa imehesabiwa kwa muda mrefu pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika mikoa inayolisha mikoa mingine. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa hali ya afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 uliukuta mkoa huu ukiongoza kwa udumavu: asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao ulivyostahili, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 34. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha nafuu kidogo, lakini bado karibu nusu ya watoto wa Rukwa walikuwa wamedumaa, ilhali taifa zima lilikuwa limeshuka hadi asilimia 30. Gunia limejaa na mtoto hakui. Kijana wa Sumbawanga anayekwenda kusoma lishe anakwenda, kwa kweli, kusoma nyumbani kwao.

Je, inaruhusiwa kuanza somo bila hatua za utangulizi? Inaruhusiwa, na si kwa somo hili peke yake. Wanaosoma Uchumi katika tahasusi za EGM au HGE huanza wengi wao bila kuwa wameusoma kabla. Mbali na hapa, katika jimbo la Victoria nchini Australia, somo la sekondari ya juu linalohusu afya na maendeleo ya binadamu limegawanywa katika vizio vinne, na mwanafunzi anaruhusiwa kuingia moja kwa moja katika kizio cha tatu bila kupita cha kwanza na cha pili. Sharti lililopo ni kwamba cha tatu kitangulie cha nne. Kwa hiyo mlango uko wazi huku na huko. Tofauti iko katika kile ambacho mwanafunzi amekikuta nje ya darasa kabla ya kuuingia, na hapo ndipo kijana wa Ufipa anapohitaji kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu ana upungufu mahali fulani na utajiri mahali pengine, na mara nyingi yeye mwenyewe hatambui kipi ni kipi.

Upungufu usikuzwe kupita kiasi. Muhtasari wa Baiolojia uliotumika kwa miaka mingi uliweka mada ya lishe katika kidato cha pili. Mwanafunzi aliyeisoma vizuri ameshaona iodini ikiugeuza wanga kuwa wa rangi ya buluu iliyokoza karibu na weusi, ameshajaribu kutambua protini kwa rangi ya zambarau, na ameshachora njia ya chakula kutoka kinywani hadi utumbo mpana. Kemia imempa uzani, myeyusho na asidi. Kinachokosekana ni ufundi wa kuyaunganisha hayo na sahani ya mtu halisi.

Chukua uji. Kila mama anayehudhuria kliniki ameambiwa ampe mtoto uji mzito ulioongezwa lishe, na kila mwanafunzi wa CBN ataandika sentensi hiyo katika mtihani. Ni wachache wanaoweza kueleza kwa nini. Maelezo yake yamo katika zile hatua za mwanzo zilizorukwa. Gramu moja ya wanga hutoa takribani kilokalori 4, gramu ya protini 4, gramu ya mafuta 9. Tumbo la mtoto mdogo hubeba kiasi cha gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8, basi, hujaa kwa gramu 240, yaani kikombe kimoja. Uji mwepesi anaoweza kuunywa bila kusumbuka una unga wa sehemu moja tu katika kumi. Kikombe hicho kina gramu 24 za unga wa mahindi, ambazo ni kama kilokalori 86. Akinywa mara tatu kwa siku amepata takribani 260. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya vizuri anahitaji kama kilokalori 300 kutoka katika chakula cha nyongeza, na akivuka mwaka mmoja anahitaji kama 550. Vikombe vitatu vilivyojaa, mtoto ameshiba, mama ametimiza wajibu wake, na bado hesabu haijafika. Kijiko kimoja cha mafuta cha gramu 5 huongeza kilokalori 45 katika kila kikombe na kuivusha hesabu ya miezi ya kwanza. Baada ya mwaka mmoja hata kijiko hicho hakitoshi peke yake.

Hesabu hii haizidi kujumlisha na kuzidisha kwa shule ya msingi. Anayeifanya mara moja kwa mkono wake hasahau tena kwa nini milo ya mtoto iwe mingi, wala hamwambii mama kwamba hampendi mwanawe. Anayeiruka hubaki na maneno “mlo kamili” yakining'inia hewani, akayapeleka hivyo hivyo chuoni, kisha kazini, na mwisho kwa mama aliyetembea saa mbili kutoka kijijini kuja kuyasikia.

Pengo la pili liko katika vipimo. Udumavu si neno la kumtazama mtoto kwa macho na kuhukumu. Mtoto huhesabiwa amedumaa pale urefu wake unapokuwa chini ya mikengeuko sanifu miwili kutoka katikati ya viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006. Kwa mtoto wa kiume wa miezi 24 aliyepimwa amesimama, katikati ni sentimita 87.1 na mpaka huo ni 81.0. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa amelala, na kati ya kulala na kusimama kuna tofauti ya wastani wa sentimita 0.7, kiasi kinachotosha kumhamisha mtoto kutoka upande mmoja wa mstari hadi mwingine. Mkengeuko sanifu wenyewe mwanafunzi ataukuta katika Hisabati Tumizi za Msingi, somo la nyongeza analosoma sambamba, lakini huenda mada ya takwimu ikafika miezi mingi baada ya mwalimu wa lishe kuitumia. Ni kasoro ya mpangilio tu. Mwuguzi yeyote wa kliniki ya mama na mtoto anaweza kuirekebisha kwa asubuhi moja, kwa ubao wa kupimia, kadi ya mtoto na penseli.

Utajiri, kwa upande mwingine, uko jikoni kwa bibi.

Kabla mahindi hayajatawala uwanda huu, nafaka kuu ya Wafipa ilikuwa ulezi. Ulilimwa kwa ustadi: nyasi zilifukiwa chini ya matuta ya mviringo, zikaoza na kuwa mbolea, juu yake yakapandwa maharage na mazao mengine, na msimu uliofuata matuta yakasambazwa na ulezi ukapandwa. Ulezi una zaidi ya miligramu 300 za kalisi katika kila gramu 100. Mahindi hayafiki hata sehemu ndogo ya hizo. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini na triptofani, na maharage yana lisini ya kutosha, hivyo ugali na maharage vikiliwa pamoja kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Ukitaka kumfundisha kijana wa Ufipa kukamilishana kwa protini, huna haja ya picha ya kitabuni.

La kufurahisha zaidi ni kimea. Wazee wanaotengeneza pombe ya ulezi huloweka mbegu, huziacha zichipue, huzianika na kuzisaga. Katika kuchipua, mbegu huzalisha vimeng'enya vinavyovunja wanga. Ndiyo maana kimea hutamanisha pombe. Na ndiyo maana kijiko cha unga wa kimea kikitiwa katika uji mzito ambao umepoa kiasi, uji huo hulainika hadi ukanyweka. Unga sasa unaweza kufika sehemu mbili katika kumi bila uji kugeuka ugali, na kikombe kile kile cha gramu 240 kikabeba kilokalori 170 badala ya 86. Uji hurudishwa jikoni uchemke tena kabla ya kumpa mtoto, maana kimea hubeba vijidudu. Kuloweka na kuchipusha hupunguza pia faiteti, ambayo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini waliuhimiza unga huu kwa ajili ya watoto wachanga. Tahadhari moja tu: kimea cha mtama kina sumu ya sianidi katika machipukizi yake, kwa hiyo ulezi ni salama zaidi.

Kwa hiyo mwanafunzi anayedhani ameingia darasani mikono mitupu huenda amelala utotoni karibu na chungu kilichokuwa na somo lote la vimeng'enya. Kinachomkwamisha mara nyingi ni lugha. Bibi alisema kimea, mwalimu wa shule ya msingi alisema wanga, na kitabu cha kidato cha tano kinasema yote kwa Kiingereza. Asipopata mtu wa kumwonyesha kwamba ni kitu kile kile, ataweka maarifa mawili katika vyumba viwili visivyo na mlango kati yake.

Kati ya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba na kufunguliwa kwa kidato cha tano kuna takribani miezi minane. Wenye uwezo huwapeleka watoto wao katika masomo ya maandalizi mijini, ambayo kwa kawaida hukazania Fizikia, Kemia na Hisabati. Chakula na Lishe husahaulika. Miezi hiyo hiyo, Novemba hadi Aprili, ndiyo ya mvua na ya jembe. Akina mama hushinda mashambani, watoto wadogo huachwa na ndugu zao wakubwa, na kiporo cha asubuhi huwa ndicho cha mchana. Kijana anayesubiri matokeo yuko nyumbani wakati huo, na mara nyingi yeye ndiye aliyeachiwa mtoto.

Zahanati na vituo vya afya vina siku za kupima uzito na urefu wa watoto, na mhudumu mmoja hupima foleni ndefu akiandika mwenyewe. Kijana anayesubiri CBN, akiwa na barua ya mzazi na kibali cha mganga mfawidhi, anaweza kushika upande mmoja wa ubao wa kupimia, kusoma tarakimu kwa sauti na kujifunza kutia nukta kwenye chati ya ukuaji. Hapaswi kutoa ushauri wala kutangaza anachokiona katika kadi ya mtu. Siri ya mgonjwa ni somo la kwanza. Baada ya siku nne au tano za namna hiyo atakuwa amepima watoto wengi, ameona mzunguko wa mkono wa sentimita chini ya 11.5 na jinsi mtoto wa namna hiyo anavyopewa rufaa siku hiyo hiyo, na ameelewa kwamba mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu manono na kucheka. Hilo la mwisho huwachanganya hata watumishi wapya.

Wazazi nao wana haki ya hatua za mwanzo. Mama anayeambiwa mwanawe “yuko chini ya mstari” anaweza kumwomba mwuguzi amwonyeshe mstari wenyewe, nukta ya mwezi uliopita na nukta ya leo. Anaweza kuuliza uji wa nyumbani kwake una unga kiasi gani, na kuongeza nini kati ya karanga, dagaa wa Tanganyika na mafuta ya alizeti kwa fedha aliyo nayo. Maswali hayo huchukua dakika tano. Mwuguzi mwenye watoto arobaini katika foleni atasema dakika tano hana, na atakuwa anasema kweli. Lakini kijana anayesoma tarakimu pembeni yake amempunguzia kuandika, na dakika mbili tatu zimepatikana.

Ikifika Julai, kijana huyo hupanda basi kama wenzake. Ndani ya daftari lake kuna hesabu ya kikombe cha uji aliyoifanya jikoni kwao, kwa kipimo cha kijiko, akiwa na mdogo wake mgongoni.